Luteni usu na sajenti wake: mwongozo wa miezi ya kwanza kwenye platuni, kundi la askari kama 30

Luteni usu anaripoti kikosini na nyota moja begani. Anayempokea ni sajenti wa platuni, mtu aliyeanza kuvaa kombati kabla luteni huyo hajaingia darasa la kwanza. Sajenti anapiga saluti, luteni anaijibu, na kuanzia hapo kila mmoja anampima mwenzake. Sheria inajua nani mkubwa. Platuni nzima nayo inajua nani anayefahamu kazi. Shida huanza pale mmoja wao anapodhani maswali hayo mawili yana jibu moja.

Maelezo haya yameandikwa kwa afisa mwanafunzi na luteni usu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Mengi yatamfaa pia anayetoka chuo cha kijeshi cha Lanet kule Kenya, kwa kuwa majeshi yote mawili yalirithi mpangilio wa platuni na vyeo kutoka King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki.

Cheo, wadhifa na ujuzi

Tenganisha vitu hivi vitatu kichwani kabla hujafika kikosini.

Cheo ni ngazi. Askari wa kawaida, koplo, sajenti, sajinitaji, afisa mteule daraja la pili, afisa mteule daraja la kwanza. Ndipo anakuja luteni usu, na juu yake luteni, kapteni, meja na kuendelea. Kwa ngazi hiyo, afisa mteule daraja la kwanza mwenye miaka 25 kazini anampigia saluti luteni usu wa wiki mbili. Anayeheshimiwa hapo ni kamisheni, ambayo hutolewa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Ukilielewa hilo hutavimba kichwa ukipigiwa saluti, wala hutaona haya mbele ya mtu wa umri wa baba yako.

Wadhifa ni kazi uliyokabidhiwa kwa wakati na mahali fulani, na mara nyingine unazidi cheo. Koplo aliye kamanda wa lindo langoni ana haki ya kukusimamisha na kudai kitambulisho, na kama jina lako halimo kwenye orodha ya usiku huo, hupiti. Anayesimamia usalama kwenye uwanja wa shabaha akisema silaha chini, zinawekwa chini, hata kama mfyatuaji ni kanali. Daktari wa kikosi akiandika kwamba askari fulani hafai kutembea na mzigo kwa siku 5, huna mamlaka ya kumwambia ajikaze.

Ujuzi haushonwi begani. Sajenti anajua ni askari gani anaficha maumivu ya goti, redio ipi inakufa betri ndani ya saa mbili, na njia ipi ya porini hugeuka tope mwezi wa nne. Hakuna kifungu cha sheria kinachomlazimu akuambie yote hayo. Atakuambia akiona yana faida kwako na kwa platuni.

Ukiwa bado afisa mwanafunzi

Pale Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, afisa mwanafunzi bado hana kamisheni, kwa hiyo hapigiwi saluti na hana amri juu ya sajenti mkufunzi. Mkufunzi anakuamuru kwa wadhifa wake: anakagua hanga (bweni la askari), anaendesha kwata, anafundisha silaha, na akiona umezembea anakurusha kichura. Sandhurst ya Uingereza, alikopita Mrisho Sarakikya aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa JWTZ, ina kichekesho chake. Sajenti wakufunzi wa pale humwita mwanafunzi "sir" huku wakimtoa jasho. Neno ni la heshima, lakini sauti inayolibeba haina chembe ya unyenyekevu.

Kipindi hiki ndiyo nafasi yako pekee ya kumtazama sajenti kwa jicho la anayeamrishwa. Angalia anavyogawa kazi bila kupiga kelele, anavyowahesabu watu kabla na baada ya kila mwendo, na jinsi anavyoshika silaha ya mwanafunzi na kuhakikisha chemba ni tupu kabla hajasema neno lolote. Ukipewa zamu ya kuwa kamanda wa platuni kwa saa 24, usiige ukali wake. Ukali ule anauweza kwa sababu umejengwa na miaka. Ukiuazima bila miaka, wenzako watacheka, naye ataandika.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kutaja elimu: "Mimi nina shahada" ni sentensi ambayo mkufunzi ameshaisikia na ana jibu lake tayari, kwa kawaida linalohusisha kilima. La pili ni kubishana papo hapo. Ukiona amekosea, tekeleza kama hakuna hatari, kisha omba kuzungumza naye zoezi likiisha. Kama kuna hatari, sema neno moja kwa sauti: "Simama!" Usalama haungoji ruhusa.

Wiki ya kwanza kikosini

Ripoti kwanza kwa kamanda wa kombania (kundi la platuni kadhaa), umuulize maswali matatu: anataka platuni iwe tayari kwa nini na lini, mambo gani hataki uyaguse kabla ya kumwona, na sajenti wako amekuwa akiishikilia platuni peke yake kwa muda gani. Jibu la swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana. Sajenti aliyekaa miezi minane bila afisa amezoea kuamua mwenyewe. Usimkute na hotuba.

Kisha kaa naye, ninyi wawili tu, kwa saa moja bila simu. Usianze na mipango yako. Anza hivi: "Sajenti, nieleze platuni." Halafu nyamaza. Akimaliza, uliza juu ya kila kamanda wa seksheni (kundi dogo ndani ya platuni) kwa jina, nani ana matatizo nyumbani, nani ameiva kwa kozi ya koplo, na kitu gani kikosini kinamkera ambacho yeye kwa cheo chake hawezi kukiondoa. Hili la mwisho liandike. Mara nyingi ni jambo dogo lililokwama kwa mtu: ombi la buti lililolala mezani kwa wiki sita, au gari la maji linalochelewa kila Jumatatu. Livutwe na afisa mwenyewe ndani ya wiki hiyo. Hotuba kumi hazitakupa nafasi utakayoipata kwa jozi nne za buti.

Mwisho wa kikao mwambie mambo mawili kuhusu wewe: kitu kimoja usichokijua vizuri, na kitu kimoja usichokubali hata kidogo. Kwa mfano: "Kozi ya mizinga midogo nimepita juu juu, nitahitaji unisimamie. Na kumpiga askari sikubali." Sajenti akijua mipaka yako siku ya kwanza, hatalazimika kuitafuta mbele ya watu.

Usibadilishe ratiba, mpangilio wa lindo wala nafasi za watu kwa wiki tatu za mwanzo, isipokuwa kitu kinachohatarisha maisha au kinachovunja sheria. Yapo mambo ambayo kwa macho ya mgeni ni ya kijinga, na yana sababu yake.

Kabla hujasaini

Hapa ndipo maafisa wapya wengi huumia. Unapokabidhiwa platuni, unakabidhiwa na mali. Utaletewa daftari, na mtu atasema kwa uchangamfu, "Afande, zote zipo, tumehesabu jana." Huenda ni kweli. Lakini saini ni yako.

Tenga asubuhi nzima. Toeni silaha zote nje ya ghala, zipangeni chini kwa seksheni. Sajenti anashika daftari, wewe unasoma namba kwenye chuma cha kila bunduki ya SMG, yeye anajibu "ipo" na kutia alama. Usihesabu idadi peke yake. Bunduki 31 kwenye daftari na bunduki 31 sakafuni hazithibitishi kitu, kwa kuwa moja inaweza kuwa ya platuni jirani iliyoazimwa ili hesabu itimie. Namba ndizo zinazosema kweli. Baada ya silaha, fuateni magazini, moja moja, mkibonyeza springi. Kisha darubini, dira, redio na betri zake, mahema, sepetu, madumu. Kilichopungua kiandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, kisainiwe na anayekabidhi. Akikuomba "tusiandike, kitapatikana", jibu kwa upole kwamba kikipatikana kitafutwa kwenye karatasi.

Wala usiogope kwamba sajenti ataona humwamini. Sajenti mzuri anapenda hesabu hii, kwa sababu inamlinda naye. Anayenuna umeshajua jambo moja kumhusu.

Utaratibu huo huo uhamie kwenye shabaha. Zikitoka risasi 300, jioni maganda na risasi zilizobaki lazima vifike 300. Yakikosekana maganda 7 kwenye nyasi, platuni inajipanga mstari mmoja, mkono kwa mkono, inapekua uwanja. Jua litazama, watu wana njaa, lori linanguruma, na mtu atakunong'oneza, "Afande, andika tu." Hapo sajenti na platuni nzima wanakutazama wewe. Endelea kutafuta. Usiku ukikuta hayajapatikana, ripoti maganda 7 kwa kamanda wa kombania kabla hajasikia kwa mwingine. Risasi moja iliyofichwa ndani ya hesabu ya uongo inaweza kukutwa mtaani mwaka ujao, na karatasi yenye jina lako bado ipo.

Nani anaamua nini

Luteni anaamua tunakwenda kufanya nini, kwa nini, kwa njia ipi na saa ngapi. Sajenti anahakikisha platuni inafika ikiwa na kila inachohitaji na inaendelea kuwa nacho hadi mwisho: risasi, maji, chakula, majeruhi, zamu za kulinda, nidhamu ya hanga. Vitani luteni huwa mbele na seksheni inayoongoza. Sajenti hukaa nyuma kidogo, mahali anapoweza kusukuma risasi mbele na kuvuta majeruhi nyuma. Luteni anayekimbilia kufunga bendeji ameiacha platuni bila kichwa.

Chukua maji kama mfano. Ramani mbele yako inaonyesha mwendo wa kilomita 20, umechora mstari mzuri. Platuni ya watu 30, lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ni lita 120. Hayo ni madumu 6 ya lita 20, yaani kilo 120 juu ya silaha na mizigo. Nani anayabeba? Ukimuuliza sajenti kabla ya kukamilisha mpango, atakuambia gari lishushe madumu matatu kwenye njia panda, au muondoke 1600 (saa kumi jioni) badala ya 1300 (saa saba mchana) ili jua liwe limepoa. Ukimuuliza baada ya kutoa amri, mpango wako utabadilishwa mbele ya makamanda wa seksheni, au mbaya zaidi, hautabadilishwa.

Muda ugawe kwa theluthi. Ukipokea amri 1200 na kuondoka ni 1800, una saa 6: mbili zako, nne za watu wa chini yako. Ndani ya dakika 10 mpe sajenti amri ya tahadhari: kazi ni ya aina gani, tunaondoka saa ngapi, tunabeba nini, amri kamili itatolewa wapi. Anaanza kugawa risasi na chakula wewe ukiwa bado kwenye ramani. Ifikapo 1400 uwe umetoa amri kamili kwa mafungu yake matano: hali, jukumu, utekelezaji, mahitaji, kisha uongozi na mawasiliano. Fungu la mahitaji mwachie sajenti alisome yeye mwenyewe. Analijua kuliko wewe, na askari wanaona amri imetoka kwa watu wawili walioafikiana.

Angalizo moja ambalo vitabu vya wageni haviwezi kukuambia: saa. Ukitamka 1200 kama "saa kumi na mbili", askari wako atasikia jioni, na atachelewa saa sita kamili. Ukitamka 0600 kama "saa sita", atajiandaa kwa adhuhuri. Andika tarakimu nne, na mdomoni ongeza Kiswahili chenye kipindi: "1800, saa kumi na mbili jioni." Kisha mwambie kila kamanda wa seksheni airudie. Aibu ya kurudia inapita. Seksheni iliyopotea saa sita haipatikani kirahisi.

Kumkosoa askari ni kazi ya kamanda wa seksheni na sajenti. Ukiona buti chafu, mwambie sajenti, usimwambie askari. Ukimruka sajenti mara tatu, askari wataanza kukuletea wewe maombi ya ruhusa aliyoyakataa yeye, nawe kwa kupenda kupendwa utayakubali. Hapo umejinunulia urafiki wa askari mmoja kwa kumpoteza sajenti.

Upande wa pili wa kosa ni luteni wa kusaini, anayeamka, anaweka saini pale sajenti anapomwonyesha, na kurudi bwaloni. Platuni itakwenda vizuri tu, mpaka siku inapotakiwa kuamua jambo gumu, nayo itageuza macho kwa sajenti. Historia yetu ina mfano mkubwa zaidi, wenye sababu zake nyingine za mishahara na ubaguzi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, askari wa Tanganyika Rifles waliwafungia maafisa wao Waingereza. Maafisa walikuwa na vyeo vyao vyote. Kambi ilikuwa mikononi mwa sajenti na askari. Jeshi lile lilivunjwa, na JWTZ ikaundwa Septemba 1 mwaka huo huo.

Mkipishana mawazo

Kubalianeni mapema juu ya namna ya kupingana. Sentensi inayofaa ni ya kawaida: "Afande, naomba kushauri." Ukiisikia, simamisha unachofanya, sogeeni hatua kumi pembeni, msikilize mpaka mwisho. Kisha toa moja ya majibu matatu: "Sawa, tubadilishe", au "Nimekusikia, tunaendelea kama nilivyosema, sababu ni hii", au "Sina muda wa kueleza sasa, tekeleza, tutazungumza jioni." La tatu ni halali, ila ukilitumia kila siku linaisha nguvu. Na jioni uzungumze kweli.

Ukishaamua, sajenti anatakiwa aitoe amri kama yake. "Luteni amesema" ni sumu: ina maana msinilaumu mimi. Ukiisikia, mwite pembeni siku hiyo hiyo. Nawe usiseme mbele ya platuni "mkuu wa kombania ametaka hivi, mimi nisingependa". Ni sumu ile ile, chupa tofauti.

Ukikosea na yeye alikushauri vinginevyo, sema mbele ya makamanda wa seksheni: "Sajenti alisema, mimi nikaamua tofauti, nimekosea." Mara moja, bila maelezo marefu. Lakini mbele ya kamanda wa kombania kosa la sajenti ni kosa lako.

"Tumezoea hivi, afande" ni hoja nzuri kwenye mpangilio wa hanga. Kwenye usalama wa silaha, hesabu za risasi, fedha za askari na adhabu za mwili, si hoja kabisa. Hapo hakuna kushauriana.

Majina, salamu, na mke wa sajenti

Neno afande lilitoka kwenye efendi ya Kituruki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 effendi ilikuwa cheo kamili ndani ya King's African Rifles, walichopewa Waafrika wachache waliokwama kati ya sajenti na afisa Mwingereza. Idi Amin alikuwa mmoja wao. Leo anaitwa afande aliye juu yako, awe mwanamume au mwanamke. Sajenti anakuita afande. Wewe unamwita kwa cheo na jina la ukoo, bila kukatisha.

Tatizo la kwetu ni umri. Sajenti wa miaka 45 akikuona wa miaka 23, ulimi wake utateleza: "kijana wangu", "mdogo wangu", au kwa luteni wa kike, "binti". Mara nyingi hana ubaya. Usimkemee hadharani, wala usilipuuze. Siku hiyo hiyo, mkiwa wawili: "Sajenti, mbele ya platuni niite afande. Tukiwa wawili sitalipigia kelele." Inatosha. Akirudia kwa makusudi, si suala la umri tena.

Na shikamoo? Kwenye gwaride haipo. Lakini ukikutana sokoni na sajenti pamoja na mkewe, mama yule hana cheo chochote katika jeshi, wala cheo chako hakimfikii. Msalimie "Shikamoo mama" kama mtoto yeyote aliyelelewa. Sajenti hatasema kitu. Jumatatu utaona.

Bwalo la sajenti ni nyumbani kwao. Usiingie bila kualikwa, na ukialikwa ondoka mapema, kabla muziki haujapanda. Usikopeshane naye fedha kwa upande wowote, hata elfu kumi ya vocha. Usimtume askari wa platuni kazi za nyumbani kwako, maana sajenti ndiye atakayeulizwa mtu huyo yuko wapi.

Sajenti akiwa ndiye tatizo

Wapo. Mlevi, mzembe, anayekata posho, anayewapiga askari. Anza na yeye, kwa jambo mahususi lenye tarehe: "Jumanne 0530 hukuwepo kwenye hesabu ya watu." Usiseme "una tabia ya". Andika ulichomwambia na alichojibu. Likijirudia, mwone CSM, yaani sajenti meja wa kombania, ambaye mara nyingi analijua tatizo kabla yako na ana njia za kulimaliza ambazo luteni hana. Halafu kamanda wa kombania, ukiwa na daftari lako. Wizi na kumpiga askari havipiti hatua hizo: vinakwenda kwa kamanda siku hiyo hiyo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966 ina kanuni zake za nidhamu, na anayenyamazia kosa huishia kwenye meza moja na aliyelitenda.

Usitafute ushahidi kwa askari wake. Ukiwauliza kuhusu sajenti wao, hata sajenti atakayekuja baadaye atajua kwamba naye unaweza kumuulizia.

Siku ukihamishwa, rudieni hesabu ile ya namba za silaha, safari hii wewe ndiye unayekabidhi. Mpe luteni mpya karatasi za upungufu na ratiba. Kuhusu sajenti, mpe jina lake na miaka aliyokaa kwenye platuni.